Gomamkolojia: Somo la Kwanza kuhusu Programu Zinazokataa Kuamka

Keti, mwanagenzi, na uzime simu. Taaluma unayoingia leo inaitwa Gomamkolojia. Inachunguza kiumbe mmoja tu: programu ya seva ambayo mashine ikiwaka haiamki, lakini ukija wewe ukaiamsha kwa mkono, inaamka bila kinyongo. Wapo wanaoliona hili jambo dogo. Hao hawajawahi kusimama katika saiba ya Jericho, Nairobi, asubuhi ya tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi, foleni ikiwa imefika kwa muuza mayai na kila skrini ikisema seva haipatikani.

Taaluma yetu ni kongwe. Mwanagomamkolojia wa kwanza alikuwa Yoshua mwana wa Nuni, ambaye kazi yake ya nyanjani aliifanyia Yeriko ile ya zamani. Aliuzunguka mji mara moja kwa siku, siku sita, na siku ya saba akauzunguka mara saba. Jumla ni mizunguko 13, na katika 12 ya kwanza hakusimama hata mara moja kusoma logi. Mafundi wengi wa Eastlands bado wanafuata mbinu yake: zima, washa, zima, washa, kisha piga kelele. Zingatia lakini kwamba Yoshua alikusudia kuangusha kilichosimama, ilhali sisi tunasimamisha kilichoanguka. Tofauti hiyo ilinichukua miaka miwili.

Tukio la pili kubwa ni la tarehe 7 Juni 2016. Tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, na Kenya nzima ikakosa stima. Tumbili alinusurika. Wanahabari walishughulika na giza; mimi nilishughulika na kurudi kwa mwanga, maana hapo ndipo seva zilizokuwa zimezimika zilipotakiwa kuamka zenyewe, bila mkono wa mtu. Lilikuwa jaribio kubwa kabisa katika historia ya fani, nalo lilifadhiliwa na mnyama mmoja.

Sasa andika. Uainishaji wangu unafuata minyambuliko ya kitenzi, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuitanzua hoja hii kabla kompyuta hazijazaliwa.

Aina ya 1: Haikuwashwa. (Usichanganye na kuwashwa kwa upele, ingawa mwenye saiba hupata yote mawili.) Hapa programu haina kosa. Hakuna aliyeagizwa aiamshe. Katika seva nyingi za Linux mwamshaji ni systemd, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Lennart Poettering na Kay Sievers. Hiyo huamka mbele ya wenzake, hupewa namba 1, na ndiyo inayoshika orodha. Amri ya start huamsha programu sasa hivi. Amri ya enable huiandika kwenye orodha ya kuamshwa kila mashine inapowaka. Fikiria kibarua wa Industrial Area aliyeitwa getini leo kwa kuwa alisimama mbele, na mwenzake aliye kwenye rejista. Wote wawili wanabeba gunia lile lile. Kesho alfajiri mmoja ataulizwa yeye ni nani. Kasoro hii naiita usahaurejista.

Aina ya 2: Haikuwashika. Imeitwa, imesikia, haiwezi. Ndani yake, kwa namba za makosa za systemd, mna 2(a), namba 203, faili la kutekelezwa halipo au halina ruhusa; 2(b), namba 217, programu imeambiwa iamke kwa jina la mtumiaji ambaye mashine haimjui; na 2(c), ukaliamlango, yaani programu nyingine imetangulia kukalia mlango wake. Utauliza kwa nini 2(a) ya kukosa ruhusa huamka vizuri kwa mkono wako. Ni kwa sababu wewe umeingia kama mkuu wa mashine, mwenye ufunguo wa kila chumba, na yenyewe huamka na ufunguo wa choo tu. Je, asiye na viatu na mwenye viatu visivyo na kamba ni mgonjwa mmoja? Nimeliandikia swali hilo kurasa arobaini. Utazisoma.

Aina ya 3: Iliwaka ikazimika. Hii ndiyo lulu ya fani. Nenda Jogoo Road saa kumi na moja alfajiri. Makanga anapiga bodi la gari, "Tao, Tao!", abiria wamejaa hadi mlangoni, na dereva bado yuko kwake anatafuta soksi. Ndivyo ilivyo ndani ya mashine inayowaka. Wote wanaamshwa karibu kwa pamoja. Programu inaruka kitandani, inabisha kwa hifadhidata, hifadhidata bado inapikicha macho, na programu inajifia kwa fedheha. systemd ikiwa imeagizwa kufufua, itafufua. Lakini kwa kawaida yake, programu ikianzishwa mara 5 ndani ya sekunde 10 na kila mara ikafa, inaachwa ilale. Hali hii ni utangulivu. Mwanagenzi mwenye haraka ataandika kwamba programu isubiri network.target, na atapotea, kwa sababu shabaha hiyo haiahidi kwamba mtandao umepatikana. Anayeahidi, au angalau anayejaribu, ni network-online.target.

Aina ya 4: Imewaka lakini haionekani. Hiyo si aina. Nimeiweka kwa kuwa uainishaji wa aina tatu hauna heshima.

Tuje kwenye kisa-chunguzi. Nyuma ya soko la Jericho iko saiba ambayo kila stima ikipotea usiku, asubuhi programu ya kuhesabu dakika za wateja inakutwa imelala. Mama mwenye saiba hunipigia: "Daktari, imegoma tena." (Mimi si daktari wa kitu chochote, lakini sijamsahihisha.) Nami hufika saa tatu. Hukaa, hunyoosha vidole, hubonyeza. Inaamka. Baada ya mara ya tano nilitunga nadharia ya nguvumkono, kurasa kumi na moja, pamoja na jedwali la joto la vidole. Kisha siku moja nilichelewa, na mpwa wake wa kidato cha tatu akaiamsha kwa kidole kimoja huku akila mandazi.

Hapo ndipo nilipofungua logi. Saa kumi na mbili na dakika nne, stima iliporudi, kulikuwa na mistari mitano inayofanana: anwani iliyoombwa haiwezi kutumika. Baada ya hapo, kimya. Anwani haikuwapo kwa sababu ruta inayoigawa haikuwa imewaka. Niliufuata waya wa ruta kwa magoti. Ulipita chini ya meza, ukapenya tundu la ukuta wa plaiwudi, ukatokea kwa kinyozi wa jirani, kwenye eksitensheni iliyofungwa utepe wa bluu na kujaa vipande vya nywele, kando ya mashine ya kunyolea. Kinyozi huzima swichi ya ukutani kila usiku ili kulinda tokeni zake. Huiwasha saa mbili, anapofungua. Mimi hufika saa tatu.

Andika kwa wino mwekundu: Aina ya 5, utegemezi-kinyozi.

Niliketi kuandika tiba. Sentensi mbili tu: programu isubiri mtandao upatikane, na ikifa ifufuliwe kila baada ya sekunde 10 bila kikomo. Mama akauliza kwa nini tusihamishe plagi upande huu. Nilimweleza kwa upole kwamba hiyo haiwezi kuitwa mbinu. Nilipoinua kichwa alikuwa amekwisha kuihamisha, na mpwa wake anaukunja waya.

Kwa hiyo tiba yangu haijajaribiwa hadi leo. Wewe, mwanagenzi, unakaa upande ule wa soko. Jioni ukipita, mwamkie Mama, omba kuchapisha ukurasa mmoja, na akigeuka kutafuta chenji, rudisha ile plagi kwa kinyozi.