Majani Yangu Yana Mapunye

Mtu akishahamia kwake Chamazi, hata kama barabara ya mtaani bado ni mfereji, la kwanza anaweka geti, la pili anataka majani. Majani ya kutazama tu. Mbuzi haruhusiwi kuyala, banda huwezi kuezeka, na yanakunywa maji kuliko familia nzima.

Yangu yameota mapunye. Hapa kijani, pale kichanga kitupu, kule ndago, na ndago sikuipanda mimi. Nikauliza namna ya kuyatengeneza kwa bei nafuu, na mji huu hauna uhaba wa washauri. Shemeji yangu aliyeko Uingereza akapiga simu ya video kutoka bustanini kwake: nunua mbegu, kwangua ardhi kwa reki, nyunyiza juu ya majani ya zamani, subiri. Kweli, kwao ndivyo wanavyofanya. Lakini mbegu zile ni za nyasi za nchi za baridi. Mlete huku Temeke mwezi wa Februari, yeye na mbegu zake, tuone nani ataanza kunyauka.

Halafu kuna kuku. Kuku wa mtaa wetu hawana mwenyewe mpaka umgonge mmoja na gari. Hapo mwenyewe hutokea, na bei anayo mdomoni. Ukinyunyiza mbegu hadharani umewaita kwenye karamu. Makombo watamalizia kunguru.

Asichokijua shemeji ni kwamba majani yetu mengi hayapandwi kwa mbegu. Majani ya Pemba ni vipandikizi, paspalamu vilevile, na ukoka, ingawa mbegu unazo, huku tunaupachika. Unachukua kitawi chenye vifundo viwili vitatu, unafukia vifundo, unaacha ncha nje. Mizizi inatokea kwenye kifundo. Kwa hiyo dawa ya upara ipo kiwanjani kwako, pale pale penye kijani: punguza penye wingi, pachika penye upara, shubiri kwa shubiri. Kabla ya hapo tifua kile kichanga, changanya samadi iliyooza vizuri, na ndago ichimbe pamoja na viazi vyake, maana ukiifyeka juu inarudi na ndugu zake. Fanya hivyo Machi, masika yakianza, mvua ikusaidie kumwagilia. Gharama ni samadi na mgongo.

Muuza miche wa kando ya barabara hatakuambia haya. Yeye anauza kwa mita ya mraba, na akiona miwani anaongeza mita. Muulize angalau jambo moja: majani haya yanapenda nini? Ukoka unataka jua, chini ya mwembe unakufa. Hapo weka Pemba. Kisima chako kikiwa cha maji ya chumvi, na visima vya namna hiyo tunavyo tele pwani hii, chukua paspalamu, asili yake ni ufukweni.

Wala usidhani ni mkosi wako peke yako. Uwanja wa Mkapa uko Temeke hii hii, una watu wanaolipwa kutunza nyasi, na Mei 2025 CAF waliukataa kwa hali ya eneo la kuchezea. Marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba na RS Berkane, yakavushwa bahari hadi Amaan, Zanzibar. Sasa mimi mwenye panga butu mnanidai nini?

Tena Mkapa hakuna mama mkwe. Wangu akija kutusalimia, alfajiri ameshashika fagio la chelewa. Kwake uwanja safi ni uwanja mweupe, usioficha nyoka, na vipandikizi vyangu anavikusanya na takataka. Nani atamwambia? Mtaje huyo shujaa. Ongeza watoto na chandimu yao, ongeza mpangaji anayegeuzia bajaji pale pale penye samadi.

Na turubai. Msiba siusemi, msiba hauombi nafasi. Nasema shughuli za kupangwa, ambazo kamati nzima hukaa ikaamua kwamba uwanja mzuri mtaani ni wangu. Viti mia, masufuria, maji ya pilau yaliyochemka yanamwagwa kwenye ukoka.

Jirani mwenye kicheni pati mwezi wa nne, nakuomba mapema: mwezi huo ndio mizizi inashika. Mchango wangu nitatoa, tena kwa wakati. Kumbi ziko tele Mbagala. Turubai lako kwangu haliingii.