Ufunguzi wa Mjomba

Wachezaji wa sataranji hukesha wakisoma namna ya kufungua mchezo. Mwenye kete nyeupe ana njia 20 za kuanza, na baadhi zina vitabu vyake. Wazee wa bao wa Morogoro hawana haja na vitabu. Wao hufungua mchezo kabla hawajagusa kete.

Bao lenyewe halina upendeleo. Kila mchezaji ana kete 6 kwenye nyumba, 2 katika kila shimo kati ya mawili ya jirani, na 22 mkononi. Kwa kuanzia hakuna cha kula, hivyo wa kwanza hutakata tu. Kisha ni kuviziana: nyumba ya nani italiwa mapema? Siku moja nilikuja kijiweni nimejipanga.

Mpinzani wangu alikuwa mzee aliyeshuka na ndizi kutoka Kinole, akaziuza Soko la Chifu Kingalu, akawa anasubiri gari la kurudi mlimani. Nikamwamkia.

"Marahaba. Mama yako wa wapi?"

"Matombo, mzee."

"Ukoo gani?"

Nikautaja. Kijiwe kikaguna. Kwa Waluguru ukoo hufuata mama, na mjomba ana sauti kubwa. Mzee akahesabu vidole, akapanda kwa bibi, akashukia kwa mama mkubwa, akatua: "Basi mimi ni mjomba wako."

Mkono wangu ukawa mzito palepale. Kila nilipoinyemelea nyumba yake, alishtuka: "Unamla mjomba?" Sheria ya bao inasema penye kula lazima ule. Watazamaji, ambao hakuna aliyewaita, wakahukumu kwamba ukoo ni mkubwa kuliko bao. Nyumba yangu ikaliwa yote, kisha nikatumwa kahawa ya kijiwe kizima, maana mpwa ndiye wa kutumwa.

Ufunguzi mzuri hauachwi upotee. Jioni nyingine akaja kijana wa bodaboda, ndevu ndiyo kwanza zinachipua. Nikakohoa kiutu uzima.

"Kijana, mama yako wa wapi?"

"Matombo."

Ukoo? Uleule! Nikaanza kuhesabu vidole kwa madaha. Kijana akanisaidia: mama yake ni mdogo wake bibi yangu, mzaa mama. Kijiwe kikalipuka kwa kicheko kabla sijafika kidole cha tatu.

"Mpwa," akasema huku akipanga kete, "kahawa yangu ije na kashata mbili."