Asifiwe Moja kwa Elfu

Vyuo vya uuguzi huwasifu wasiostahili. Stetoskopu hupigwa picha siku ya mahafali, saa ya kupimia mapigo hubandikwa kifuani, lakini hakuna aliyewahi kuupigia vigelegele uwiano wa 1:1000 ulioandikwa kwenye kichupa cha adrenalini. Ni dhuluma.

Unyenyekevu wake hauna mfano. Namba ikikua, nguvu hupungua: adrenalini ya 1:1000 ina miligramu 1 katika kila mililita, na ya 1:10,000, iliyoongezewa sifuri kama nishani, ina miligramu 0.1 tu. Mkurugenzi gani aliwahi kupandishwa cheo, akapungukiwa nguvu mara kumi na bado akanyamaza? Mbunge gani? Tena uwiano huu una haya kiasi kwamba hautaji gramu wala mililita. Mwanafunzi mwenyewe akumbuke kuwa ile moja ni gramu na ule elfu ni mililita, aigeuze gramu kuwa miligramu 1,000, agawe, ndipo aijue dawa aliyoishika mkononi. Bibi harusi wa kale hakufunuliwa uso kwa taabu hivyo.

Sifa nyingine ni ndogondogo. Hauhitaji umeme. Humpa mkufunzi swali lilelile kila mwaka.

Ndugu yake, asilimia, hushinda kwenye wodi ya wazazi. Mama ameshikwa na kifafa cha mimba. Mwongozo unataka gramu 4 za magnesiamu salfeti ya asilimia 20 kupitia mshipa. Kilichopo kabatini ni cha asilimia 50. Basi sista asimame hapo, mgonjwa anatetemeka, akumbuke kuwa asilimia 50 ni gramu 50 katika mililita 100, yaani nusu gramu kwa mililita. Avute mililita 8, aongeze 12 za maji ya sindano, zitimie 20. Kisha gramu 10 za msuli, 5 kila tako, na hizo ni za asilimia 50 ileile, zisiguswe na maji.

Jamani, kwa nini hesabu asipige aliyeketi? Kiwandani kuna viti, kuna vikokotoo, kuna siku nzima ya kuandika "gramu 5 katika mililita 10" kwa herufi zinazosomeka usiku. Marekani iliondoa uwiano kwenye lebo za dawa za sindano zenye kiambato kimoja mwaka 2016, ingawa adrenalini iliyochanganywa na dawa ya ganzi iliachiwa 1:200,000 yake. Kumbe inawezekana.

Kwingine, mwanafunzi aliyepoteza sifuri moja hurudia somo; akiipotezea wodini, huandikiwa barua ya kujieleza na kamati hukaa. Lebo haiitwi. Na mkufunzi akiulizwa kwa nini zisiandikwe miligramu tu, hujibu kuwa hata yeye alifundishwa hivyo, halafu huongeza swali jingine la uwiano kwenye mtihani.