Herufi Mbili Kando ya Ziwa

Miongoni mwa mashahidi niliopata kuwasikia Kasenyi, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa George nchini Uganda, ambako samaki aliyemponyoka mvuvi huzidi kunenepa kila anaposimuliwa na mchuuzi wa chumvi ya Bunyampaka huapa kwa kila gunia, mkweli kuliko wote ni inveta, yaani kile kisanduku kiipangiacho mota mwendo wa pole au wa kasi. Nayo aghalabu ndiyo ishitakiwayo kwanza.

Alfajiri moja pampu ivutayo maji ya Ziwa George iligoma. Kila mota ilipotakiwa kuamka, kiooni zilitokea herufi OC, ambazo maana yake ni kwamba mkondo wa umeme uendao kwenye mota umepita kiasi, na kwamba kisanduku kimeukata kabla transista zake hazijaungua. Kwa insafu, jambo hilo lilistahili shukrani. Mtunza pampu, kijana mwenye imani kubwa katika kidole chake, alibonyeza kitufe cha kufuta kosa, umeme ukakatika. Akabonyeza tena, ukakatika tena. Na kama mzee mmoja asingalimwondoa kwa bakora angaliendelea hadi kisanduku kikafa kweli, maana kila jaribio huzipiga transista pigo jipya.

Ndipo baraza likakaa. Wa kwanza alilituhumu tope, hoja isiyo ya upuuzi, kwa kuwa kina cha ziwa lile kwa wastani ni kama mita 2 na nusu tu, na pampu iliyosongwa na magugu huifanya mota ivute umeme bila haya. Lakini shafti ilizungushwa kwa mkono ikazunguka kwa raha. Wa pili alitaka muda wa kuamsha mota uongezwe kutoka sekunde 5 hadi 30, dawa njema pale mota inapoharakishwa kupita nguvu zake. Ukaongezwa, na OC haikungoja hata sekunde ya kwanza. Wa tatu alitaja husuda ya jirani, na hapo baraza likachangamka.

Fundi aliyeitwa kutoka Bwera alisikiliza yote kwa adabu, akazima umeme, akangoja dakika 10 kapasita zimalize chaji, kisha akafungua nyaya tatu ziendazo kwenye mota na kukiwasha kisanduku peke yake. OC haikutokea.

"Huyu hana hatia, wazee wangu," akasema.

Akaifungua kebo upande wa mota pia, akaipima kwa mega ya volti 500, kipimo cha uzima wa kinga ya nyaya, na usomaji ukawa karibu na sifuri, yaani kinga ilikuwa imevunjika. Tukaifuata kebo, iliyofukiwa kina cha kiganja kwa ajili ya kubana matumizi, hadi inapokatiza njia ambayo viboko hupanda usiku kwenda malishoni: palikuwa na nyayo za vidole vinne, pana kama sinia, na dume la kiboko huweza kupita kilo 1,500.

Kebo mpya imepitishwa juu ya nguzo, na ankara imeandikwa kwa jina la kamati, kwa kuwa mkosaji hana anwani. Wote waliridhika, illa yule wa tatu, ambaye hata leo anataka kujua ni nani aliyemtuma kiboko.