Sweta la Babu Eliya

Ndugu yangu uliyeoa Kilimanjaro, wewe huhitaji maelezo. Katikati ya Novemba neno "nyumbani" linabadilika maana, halihusu tena nyumba yenu ya Kimara mnayolipia luku. Nyumbani ni Marangu, kihambani, kwenye migomba na mibuni ya wazee, na Desemba ikiingia hakuna udhuru wa kazi utakaokusaidia. Wenzetu hupanda mlima kwenda kumaliza mambo ya mwaka mzima kwa mkupuo: Krismasi, kikao cha ukoo, kipaimara cha huyu, harusi ya yule. Mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023 nilidhani tutapumua. Wapi! Tiketi za wiki ya Krismasi zinagombewa vilevile.

Sisi tunalo na la ziada. Mama mkwe, ambaye wajukuu wamempa cheo cha Mkaguzi Mkuu, hapokei zawadi ya dukani siku ya Krismasi. Sukari, mchele na kitenge kwake ni mahitaji, utavikabidhi jikoni ukifika. Zawadi ni kitu ulichokitengeneza kwa mikono yako, na lazima ikaguliwe. Ataigeuza ndani nje, atavuta uzi, atakuuliza hapa ulikuwa unakimbilia wapi. Shemeji yangu, tunayemwita Muamala kwa sababu kila jambo yeye hulimaliza kwa simu, mwaka mmoja alituma pesa. Mkaguzi akazipokea, akanunua mbolea, akashukuru sana. Siku ya Krismasi akamtazama mbele ya ukoo wote: "Haya baba, na zawadi?" Muamala sasa anatengeneza vishikio vya sufuria kwa vipande vya vitenge, na si vibaya.

Mimi naipenda desturi hii, nasema bila kuficha. Lakini anayeishi nayo ndiye anayeijua. Kuanzia Novemba nyumba yetu inageuka karakana. Mke wangu, Mama Eliya, anafuma vitambaa vya makochi: anafuma kwenye daladala, anafuma tukiwa mezani, na ukimsemesha anakuinulia kidole usubiri amalize kuhesabu. Binti yetu, tunayemwita Meneja, alifundishwa kusuka ukili na mama yangu kule Muheza, na ukili una masharti yake. Miyaa husukwa ikiwa na unyevu. Ikikauka inakatika mkononi. Kwa hiyo beseni kubwa la bafuni si la kuogea tena. Ukiingia alfajiri kuwahi kazini unakuta miyaa imelala humo kwenye maji, na ndoo ya pembeni ina rangi ya zambarau, na taulo lako, ambalo hukumwazima mtu, limeshakuwa la zambarau nusu.

Nimemtaja mama yangu, basi niseme na hili. Kila Desemba basi letu hufika Segera, njia panda ya Tanga na Moshi. Kulia ni Muheza kwa mama, kushoto ni Marangu. Basi linakata kushoto, na simu yangu inaita hapohapo. Sijui huwa anajuaje. "Mmepita?" Tumepita, mama. "Haya, msalimieni mama Marangu, mwambieni mkeka wake nimeushona mara mbili pembeni." Na mkeka kweli umo kwenye buti la basi, kwani yeye naye kashaingizwa kwenye utaratibu, na Mkaguzi huukagua akiguna kwa kuridhika. Sisi huenda Muheza Pasaka. Kwa mama Pasaka haitoshi, na simlaumu.

Sasa nije kwenye sweta. Lilikuwa la kahawia, zito, lina shingo ya kukunja. Mkaguzi mwenyewe alinifumia Krismasi yangu ya kwanza ukweni, na kwangu ndiyo ilikuwa barua ya kukubaliwa. Ni kweli baridi kali ya mlimani ni ya Julai, lakini mtu wa Kimara akishuka Marangu Mtoni kabla ya jua haulizi huu ni mwezi gani. Jioni ya kufunga mizigo nikafungua kabati. Sweta hakuna. Nikauliza, Mama Eliya akainua kidole, anahesabu. Nikamuuliza Meneja, akaniambia nimuulize Fundi.

Fundi ni Eliya, kitinda mimba wetu, wajina wa babu yake. Nikamkuta chini ya meza ya chakula, miguu minne ya meza imezungushiwa uzi wa kahawia kama waya za umeme. Uzi uliofumuliwa hauthubutu kunyooka hivihivi. Una vijikunjo vidogovidogo, kila kijikunjo ni kitanzi kilichokuwa kwenye sweta. Unaloweshwa, unavutwa, ndipo unakubali kufumwa tena. Nani kamfundisha hayo? Mama yake. Fundi alikuwa anamfumia babu kofia, na duka la mtaani halikuwa na rangi ya wazee. Kwapani mwake alikuwa amebana mkono mmoja wa sweta langu, wa akiba. Ndugu yangu, ungesema nini?

Babu yeye haulizwi zawadi. Zawadi yake ni mbege, na maandalizi huanza siku nyingi kabla ya sikukuu: kuchemsha ndizi mbivu na kuziacha zichachuke, kuotesha ulezi na kuusaga, kutafuta gamba la msesewe la kutia ule uchungu. Siku yenyewe, baada ya ibada, wakati ndafu inageuzwa motoni na kata inapita kwa wazee kwanza, zawadi zikaanza kutolewa. Babu akavishwa kofia. Ikamkaa mpaka masikioni. Akasimama, akazunguka uwanja mzima akimwonesha kila mtu, hata wanaochoma nyama, akisema amefumiwa na wajina wake.

Mkaguzi akamwita, akaivua, akaisogeza machoni. Akavuta uzi. Kimya kikapita, maana uzi wake anaujua. Akanitazama mimi niliyejifunga shuka la Mama Eliya mabegani, akamtazama mjukuu.

"Umefumua kwa kuanzia shingoni?"

"Ndiyo, bibi."

"Ndivyo inavyotakiwa. Leta uliobaki."

Mkono mmoja na kipande cha mgongo vikatolewa kwenye begi mbele yangu, na jioni hiyohiyo akaanza kumfumia Fundi soksi. Mimi nilimpa mwiko wa mninga niliouchonga mwenyewe, akaugonga kwenye sufuria ya machalari, akaridhika. Kuhusu sweta jipya amekubali, ila uzi niende nao mwenyewe Desemba ijayo, na rangi nishauriane na Fundi kwanza.