Fundi Karibu Nawe

Kufika kwa mjomba wangu hakuna shida. Panda gari ya Sinza, shuka kwa Remmy, kituo kilichochukua jina la marehemu Remmy Ongala, yule mwanamuziki aliyetoka Kongo. Vuka barabara, fuata njia yenye mama muuza mihogo. Usipomwona mama, fuata moshi. Mbele kuna kijiwe cha bodaboda. Hapo ulizia kwa fundi Subira, wote watanyoosha vidole kwa pamoja. Ila usiulize namba ya nyumba. Namba ipo, tulibandikiwa kibao mwaka 2022 katika ile operesheni ya anwani za makazi, na mtaa nao ukasimikiwa nguzo yenye jina. Siku hizi nguzo inaanikiwa nepi.

Mjomba haitwi Subira. Bango lake ndilo linalosema SUBIRA YAVUTA HERI, na wateja wake, hasa maharusi, wako tayari kuapa kwamba jina hilo halikuchaguliwa ovyo. Ni fundi mzuri lakini. Koti lake likikukaa, utatembea umeinua kidevu wiki nzima. Shida ni kwamba vijana wa siku hizi hawaulizi kijiweni. Wanauliza simu, na simu ilikuwa haimjui mjomba. Ilikuwa inamjua kijana wa fremu ya pili, mwenye cherehani mbili na kioo kirefu, aliyefungua juzijuzi tu. Basi mjomba akawa anakaa mlangoni, futi kamba shingoni, akiwatazama wateja wanavyompita, macho kwenye simu, wakifuata mstari wa bluu kwenda kwa mwenzake.

"Hata salamu hawatoi," akanilalamikia. "Mjomba, wewe si mtu wa kompyuta? Niingize humo."

Kwenye ukoo wetu, yeyote anayefanya kazi penye kiyoyozi ni mtu wa kompyuta. Mimi natunza stoo.

Nilianza kwa kuandika jina la duka kwenye Google nione kinachokuja. Yakaja mawaidha, mahubiri, picha za kanga na insha za wanafunzi kuhusu uvumilivu. Duka halikuwepo. Ukweli ni kwamba biashara zetu hatuzipi majina, tunaziombea dua. Mungu Mkubwa ni duka la vipuri, Asante Mama ni saluni, na Wivu Wako Hasara Yako inaweza kuwa chochote, kuanzia bucha hadi shule ya chekechea. Mpita njia hilo halimsumbui, maana nyama anaiona inavyoning'inia. Simu haioni nyama.

Google wenyewe hawafichi jinsi wanavyopanga biashara za mtaani. Wanaangalia mambo matatu: kama biashara inaendana na alichouliza mtu, iko umbali gani, na inajulikana kiasi gani. Nafasi hizo haziuzwi. Tangazo la kulipia lipo, lakini linaandikwa wazi kuwa ni tangazo. Nilimweleza mjomba yote matatu, akashika la kwanza akaondoka nalo. Nilipopita tena, bango lilikuwa limepakwa rangi upya: SUBIRA YAVUTA HERI FUNDI SUTI MAGAUNI SARE ZA SHULE MAPAZIA KUPUNGUZA SURUALI KARIBU NAWE. Hilo la "karibu nawe" alipewa na binti yake wa mwisho, aliyemwambia ndivyo watu wanavyotafuta.

Nilitaka kucheka, nikakumbuka kwamba New York kuna mgahawa uliofunguliwa 2022 kwa jina la Thai Food Near Me, kwa hesabu hiyohiyo. Nikajaribu kumtisha kwa sheria: jina la mtandaoni linatakiwa liwe lile linalotumika dukani, na ukirundika maneno yasiyo ya jina lako unaweza kusimamishwa.

"Ndiyo maana nimeanza na bango," akasema mjomba.

Ikaja kazi ya kuthibitisha kwamba duka lipo kweli. Zamani Google walikuwa wakituma postikadi yenye namba ya siri. Kwa mtaa wenye nguzo ya nepi, nadhani ingekuwa bado iko njiani. Siku hizi mara nyingi wanataka video moja isiyokatwa. Ionyeshe mtaa, ionyeshe bango, kisha ionyeshe jambo ambalo mwenye duka tu ndiye anayeweza kulifanya, kwa mfano kufungua mlango kwa ufunguo wake. Tukapanga. Mimi nitaanzia barabarani nikirekodi, mjomba atangoja mlangoni na ufunguo.

Nilitokea kazini moja kwa moja, shati nimechomekea, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Nikasimama katikati ya njia, nikainua simu, nikaanza kupitisha kamera taratibu kwenye fremu, moja baada ya nyingine. Muuza chipsi ndiye aliyeniona kwanza.

"Watu wa mapato hao!"

Mlango wa chuma wa kwanza ukashuka kabla hajamaliza kusema. Duka la dawa lilifungwa mteja akiwa ndani. Mwenye saluni alitoka na mteja wake, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, wakaketi barazani wakijifanya ni ndugu wanaongea mambo ya nyumbani. Kijana wa kioo kirefu alipita mbio, cherehani moja begani. Na mjomba, ambaye kazi yake yote siku hiyo ilikuwa kufungua mlango mmoja, alipoona mtaa mzima unafunga, damu ya biashara ilimtawala. Aliufunga mlango vizuri, akautia ufunguo soksini, akakalia ndoo na kukunjua gazeti kuukuu.

Video ile ninayo mpaka leo. Inaonyesha mtaa usio na biashara hata moja, na mwishoni mzee mmoja anayesoma gazeti. Sauti yangu inasikika ikimuuliza kama yeye ndiye fundi. Mzee anageuza ukurasa.

"Fundi kasafiri," anasema.

Iliyokubaliwa ni nyingine, tuliyorekodi alfajiri.

Pini ya ramani iliangukia Mto Ng'ombe. Hapo nitapita haraka, maana yupo mama mmoja aliyefikishwa ukingoni na bodaboda, kitenge chake kwapani, na mpaka leo hataki mazungumzo hayo. Dawa yake ni ndogo: pini unaivuta kwa kidole mpaka ikae juu ya paa lako.

Saa za kazi ndizo zilizotuletea fitina nyumbani. Alizijaza yule binti, baba yake akimtajia: tunafungua saa mbili, tunafunga saa kumi na mbili. Naye akaandika 2:00 mpaka 12:00, kama alivyosikia. Sasa simu haihesabu kama sisi. Ulimwengu mzima ukatangaziwa kwamba kwa fundi Subira panafunguliwa saa nane usiku na kufungwa saa sita mchana. Mteja wa kwanza kutoka mtandaoni alipiga saa kumi usiku. Alikuwa dada mwenye sauti laini, pengine yuko uwanja wa ndege au zamu ya usiku, akauliza kwa upole: "Samahani, naona uko wazi sasa hivi. Naweza kuja?"

Simu alipokea mke wa mjomba.

Ulifanyika kikao. Mimi niliitwa kama shahidi, nikaonyesha mipangilio ya saa mbele ya wazee wawili, mmoja akiwa ameivaa miwani ya mwenzake. Mjomba aliachiwa huru, lakini tangu siku hiyo simu ya duka inalala chumba cha watoto.

Saa zilipokaa sawa, mjomba alikaa kwenye kiti chake dukani, akaandika "fundi nguo", akajiona wa kwanza. Akaandika tena kesho yake, wa kwanza. Nikamkumbusha lile jambo la pili, umbali: mtu aliyekalia duka lake mwenyewe hawezi kushindwa na walio mbali. Hakupenda. Alipiga simu kwa ndugu wa Mbagala, wa Gongo la Mboto, hata wa Tanga, akawaamuru watafute fundi nguo na kumsomea wanachokiona. Wa Tanga akamsomea mafundi wa Tanga, kwa sauti na kwa mpangilio. Mjomba alikata simu akasema ukoo umeingiwa na wasaliti.

Katikati ya huzuni hiyo ndipo wakaanza kupiga wale jamaa wanaouza "nafasi ya kwanza". Kila mwezi unalipa, unawekwa juu. Baadaye tuligundua kwamba kijana wa kioo kirefu naye alikuwa ameahidiwa, na jamaa yuleyule, kwa bei pungufu kidogo. Kama kila fundi wa Sinza ni wa kwanza, ningependa kuiona hiyo orodha.

Likabaki la tatu, kujulikana, na hapo maoni ya wateja yana uzito. Mjomba alitaka kutoa kifungo cha bure kwa kila atakayeandika. Nikamwambia zawadi kwa ajili ya maoni hairuhusiwi. "Kifungo nacho ni rushwa?" Akaamua kuomba tu, na watu wakampenda kweli. Mama mmoja aliyeshonewa sare za kwaya aliandika: "Fundi bora Sinza nzima, Mungu amzidishie." Akabonyeza nyota moja. Kwaya yote ikamfuata, sauti ya kwanza mpaka ya nne, sifa zinamiminika na nyota mojamoja. Niliwauliza. Wakanishangaa. Shule walizosoma wao, divisheni wani ndiyo ya juu, ziro ndiyo ya kulia; mimi kwa akili yangu nilitaka wampe fundi wa watu divisheni faivu?

Kati ya nyota hizo zote, moja tu ilikuwa ya hasira: "Suti ya harusi nimepewa baada ya harusi." Mwenye duka anaruhusiwa kujibu hadharani, na mimi naamini jibu la kiungwana hapo lina faida kuliko maneno yote aliyopaka kwenye bango. Nikamwandalia: pole, samahani, karibu tena. Mjomba akalifuta, akaandika lake kwa kidole kimoja, jioni nzima:

"Ndugu mteja, harusi ni siku moja, suti ile ni ya miaka. Ndoa bado ipo?"

Haikupita muda jamaa akabadilisha maoni yake. "Ndoa ipo. Na koti limekaa vizuri." Akaongeza nyota ya pili. Nilifurahi peke yangu pale stoo, nikasubiri simu ya mjomba. Ikaita.

"Mjomba, umemwona huyu kijana? Nimemjibu kistaarabu kabisa, yeye ananishusha divisheni tuu!"