Namna ya Kuinadi Filamu kwa Kuipiga Marufuku

Hongera kwa kuteuliwa kuongoza bodi ya filamu. Hivi karibuni utaletewa mezani filamu iliyotengenezwa hapa hapa nyumbani, haina hata senti ya matangazo. Ukiipitisha kimya kimya, itakaa sinema wiki moja, itazamwe na jamaa za waigizaji, kisha isahaulike. Lakini wewe una huruma. Fuata nyayo za KFCB, bodi ya Kenya, jinsi ilivyomfaa mwongozaji Wanuri Kahiu mwaka 2018 kwa filamu yake Rafiki.

Anza kwa kuchagua hadithi ya kawaida. Rafiki imetokana na "Jambula Tree", hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Vijana wawili wa Nairobi wanapendana, na baba zao wanagombea kiti kimoja. Kuna kanisa, kuna kibanda cha chakula, na kuna Mama Atim, mwenye kibanda na mwenye umbea. Tofauti ni moja tu: vijana wote wawili ni wasichana. Wahakiki wa ng'ambo walizisifu rangi na waigizaji, Samantha Mugatsia na Sheila Munyiva, lakini baadhi yao wakaona hadithi inapita njia iliyokanyagwa na wengi. Filamu ya namna hiyo haijiuzi, inataka adui.

Kisha angalia kalenda. Usiharakishe kupiga marufuku, ngoja filamu ialikwe Cannes kwanza. KFCB ilitoa tangazo lake mwishoni mwa Aprili, siku chache kabla Rafiki haijawa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa katika uteuzi rasmi wa tamasha hilo. Mwandishi wa Ulaya aliyekuwa na nafasi ya mistari miwili akajikuta ana ukurasa mzima. Usisahau kuonya, kama bodi ilivyoonya, kwamba atakayekutwa na filamu hiyo amevunja sheria. Asiyejua kama ipo ataanza kuitafuta.

Sasa tumefika kwenye ufundi wenyewe: dai mwisho ubadilishwe. Kahiu ameeleza kwamba bodi iliona mwisho wa filamu yake una matumaini mno. Tulia hapo kidogo, maana ndipo mabingwa wanapojitenga na wanagenzi. Ndani ya filamu wasichana hao wanavamiwa na kupigwa na umati, wanafikishwa polisi na kudhihakiwa, mmoja anaombewa atolewe pepo, mwingine anapelekwa London. Yote hayo yanavumilika. Kisichovumilika ni dakika za mwisho, ambapo hakuna harusi wala busu, ila mkono unaogusa bega. Kwa hiyo mwite mwongozaji ofisini, mkaribishe chai, umwambie kwa upole: "Madam, hao watoto wapige upendavyo, ila wasimalizie kwa tabasamu." Akikataa, na Kahiu alikataa, kazi yako imekwisha. Hata asiyependa sinema atataka kuuona huo mwisho.

Yanayobaki waachie mawakili. Septemba 21, Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu alisimamisha marufuku kwa siku saba, watazamaji wakiwa watu wazima tu, ili filamu itimize sharti la kushindania Oscar. Siku saba! Hakuna muuza mitumba aliyewahi kubuni ofa kali kama hiyo. Tiketi zikaisha katika sinema ya Prestige, na foleni ya Ngong Road haikumzuia mtu. Oscar usiihangaikie, kamati ya Kenya ilipeleka Supa Modo, nayo ni filamu nzuri. Tuzo zilikuja kwa njia nyingine: Mugatsia alirudi na ya mwigizaji bora wa kike kutoka tamasha la filamu la FESPACO mwaka 2019.

Tahadhari moja: dawa hii haitaki kuzidishwa. Bodi hiyo hiyo ilizuia The Wolf of Wall Street na Stories of Our Lives mwaka 2014, na mwaka 2021 ikaifikia I Am Samuel ya Peter Murimi. Watazamaji wakizoea, wataisoma orodha yako ya marufuku kama ratiba ya sinema, na siku utakayoipitisha filamu bila hata onyo, mwongozaji atakuja mlangoni kwako na wakili wake kuuliza amekukosea nini.